Pikipiki Ikitikisa Kichwa, Uliza "Lini" Kabla ya "Nini"

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Leo tuyatazame mawingu ya pikipiki: ule mtikisiko wa mbele unaoufanya usukani uchezecheze mikononi, pamoja na kelele za kugonga, kukwaruza na kuvuma zinazotoka upande wa gurudumu la mbele.

Huenda wewe unaishi Mombasa, Nairobi au Thika na kazini unakwenda kwa matatu, ukauliza haya yanakuhusu nini. Yanakuhusu sana. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria mashambani na visiwani zimenunuliwa kwa fedha za mjini. Ni shangazi wa Nairobi aliyetoa malipo ya kwanza, au ni kaka wa Mombasa aliyedhamini mkopo. Chombo kikianza kusumbua, simu hupigwa kwako: "Mjomba, mbele inacheza. Naambiwa shokabzoba zimekufa, zote mbili." Nawe kwa kuwa hujui la kuuliza, unatuma pesa. Baada ya majuma mawili simu inalia tena. Shokabzoba ni mpya, na mbele bado inacheza.

Hasara ya pesa ni ndogo ukiilinganisha na ile nyingine. Juu ya pikipiki hiyo hupanda mama anayekwenda kliniki, na mtoto anayekwenda shule akiwa ameshika shati la dereva. Gurudumu la mbele ndilo linaloamua wote hao waelekee wapi. Hivyo basi, leo nitakupa maswali ya kuuliza kwa simu, na majaribio ambayo kijana wako anaweza kuyafanya mwenyewe uani, kabla ya mtu yeyote kufungua bolti.

Mfano wetu ni Lamu

Nimeichagua Lamu kwa sababu huko mchanga na chumvi, maadui wawili wa sehemu ya mbele ya pikipiki, hukutana kila siku. Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urathi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Kwa karne nyingi mizigo imebebwa na punda, mabega ya watu na vyombo vya baharini. Lakini baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zilienea nchini kote, na visiwa navyo havikuachwa nyuma. Leo utazikuta nje ya vichochoro hivyo, kwenye njia za mchanga za kwenda Shela, Matondoni na Kipungani. Katika kisiwa cha Pate utazikuta zikiwachukua abiria kutoka Mtangawanda kwenda Siyu, Faza na Kizingitini. Na kila moja kati ya hizo ilifika kisiwani kwa chombo cha baharini, ikirushiwa maji ya chumvi kabla hata haijabeba abiria wa kwanza.

Watu wa Lamu wanajua kumpima mnyama. Mji huo una kituo cha kutibu punda ambacho kimekuwepo tangu miaka ya 1980. Punda akichechemea, mwenyewe hanunui punda mwingine. Humtazama anavyotembea, akajua anachechemea wapi: kwenye mawe, kwenye mchanga, akiwa na mzigo au bila. Kisha huinua kwato moja baada ya nyingine. Pikipiki yako inastahili subira iyo hiyo.

Swali la kwanza: inatikisika lini?

Usianze kwa kuuliza "nini kimeharibika?" Hilo ni swali la mwisho. Anza na "lini?"

Ikiwa jibu ni "kwenye mchanga tu," mwambie apumue kwanza. Gurudumu la mbele katika mchanga mzito huyumba huku na huku hata kama pikipiki imetoka dukani jana. Huo si ugonjwa. Jaribio la kweli hufanywa kwenye ardhi ngumu na tambarare, pasipo watu wala watoto wanaocheza.

Ikiwa jibu ni "kwenye mwendo fulani tu, nikizidisha au nikipunguza inatulia," mshukiwa wa kwanza ni gurudumu na tairi. Hapa wewe mwanafunzi wa fizikia utega sikio. Mzingo wa gurudumu la mbele la pikipiki hizi ndogo ni karibu mita 1.8. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa gurudumu huzunguka takriban mara 3 kila sekunde. Kwa kilomita 40 huzunguka takriban mara 6. Usukani wa pikipiki nao una mtikisiko wake wa asili, ambao kwa kawaida huwa kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde. Kama gurudumu lina kasoro, kila mzunguko huusukuma usukani kidogo. Misukumo hiyo ikilingana na mtikisiko wa asili, mambo huwa kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: kila msukumo ni mdogo, lakini ukija kwa wakati wake, bembea hupaa. Ndiyo maana pikipiki iliyo tulivu kwa kilomita 25 inaweza kutikisa kichwa kwa kilomita 40, kisha ikatulia tena mwendo ukibadilika.

Ikiwa jibu ni "nikishika breki tu," sikiliza ni breki ya namna gani. Breki inayoshika na kuachia, ikishika na kuachia kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, huonyesha kwamba dramu ya breki imepoteza uduara wake. Lakini kama ni mgongo mmoja, "ko!", kila breki inaposhika, elekeza macho kwenye shingo ya usukani.

Ikiwa jibu ni "kwenye mashimo na mawe," na unasikia mgongo unaopanda hadi mikononi, washukiwa ni wawili: shingo ya usukani iliyolegea, au shokabzoba zilizolika ndani au kuishiwa na oili.

Ikiwa jibu ni "nikienda polepole, haitaki kunyooka, inabidi niisahihishe kila mara," shingo imekazwa kupita kiasi au imeingia mashimo. Tutarudi hapo.

Swali la pili na la tatu

Swali la pili ni: ilianza baada ya nini? Mara nyingi jibu hili peke yake hufunga kesi. Kama ilianza baada ya kuzibwa pancha, pengine tairi halikukaa sawasawa kwenye rimu, nati ya ekseli haikukazwa, au kile kipande cha bomba kinachokaa kando ya gurudumu kilirudishwa kinyume. Kama ilianza baada ya kuanguka, tazama kama usukani umepinda ilhali gurudumu limenyooka. Miguu miwili ya shokabzoba inaweza kuwa imejisokota ndani ya vishikio vyake, na mara nyingine kulegeza bolti, kunyoosha na kukaza upya kunatosha. Kama ilianza baada ya safari ya mashua au baada ya kupita ufukweni maji yakiwa yametoka, fikiria chumvi ndani ya beringi.

Swali la tatu ni: ilikuwa na mzigo gani? Gunia la unga na madumu mawili yakifungwa nyuma kabisa ya gurudumu la nyuma, mbele huwa nyepesi, na usukani mwepesi hutikisika kwa urahisi. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya dereva. Jaribu pikipiki bila mzigo. Ikitulia, sogeza mzigo mbele na uupunguze kabla ya kumwita fundi.

Mikono kabla ya spana

Sasa tuingie uani. Kijana wako anahitaji mtu mmoja wa kumsaidia, kitambaa, na chelewa moja ya ufagio. Afuate mpangilio huu, kuanzia lisilo na gharama hadi lenye gharama.

Kwanza, tairi. Apime upepo asubuhi kabla ya kutembea. Kiasi sahihi kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Kwa nyingi za aina hii, mbele ni karibu pauni 25. Kisha azungushe gurudumu na kutazama ule mstari mwembamba uliochorwa kwenye ubavu wa tairi karibu na rimu. Mstari huo uwe na umbali sawa na rimu pande zote. Ukizama mahali fulani, tairi halijakaa. Gharama ya kurekebisha ni upepo na maji ya sabuni.

Pili, rimu na spoku. Pikipiki isimame kwenye stendi ya katikati, na msaidizi akandamize kiti kwa nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Chelewa ifungwe kwenye mguu wa shokabzoba, ncha yake ikikaribia rimu bila kuigusa. Azungushe gurudumu polepole. Pengo kati ya ncha na rimu likipanuka na kupungua kwa zaidi ya milimita 2, rimu imepinda. Kisha agonge kila spoku kwa kijiko. Iliyokaza hulia kama kengele ndogo. Iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Spoku zilizolegea hukazwa na mtu anayejua kunyoosha magurudumu, wala haimaanishi kununua gurudumu jipya. Kwa gurudumu lisilo na spoku, atafute ufa.

Tatu, beringi za gurudumu. Gurudumu likiwa bado juu, ashike tairi kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, asukume na kuvuta kwa ubavu. Mcheko wowote unaosikika kwenye ekseli ni dalili mbaya. Kisha azungushe gurudumu huku kiganja kimoja kimeshika mguu wa shokabzoba chini. Beringi nzima hupita kimya. Iliyoingia mchanga hukwaruza, na mkwaruzo huo utaupata kiganjani kabla ya kuusikia sikioni.

Nne, shingo ya usukani. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ndani ya shingo, juu na chini, mna vikombe vya chuma na gololi ndogo zinazoufanya usukani ugeuke. Mafundi huziita koni. Gurudumu likiwa juu, kijana ashike miguu ya shokabzoba kwa chini, avute mbele na kusukuma nyuma. Msaidizi aweke kidole kwenye ungio la shingo, pale fremu inapokutana na kishikio cha usukani. Kidole kikihisi mgongo, koni zimelegea. Sasa augeuze usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia kwa kidole kimoja. Uteleze bila kushikwa. Ukisita katikati na kutulia hapo kama mlango unaoingia kwenye komeo, gololi zimechimba vishimo ndani ya vikombe. Dawa ya vishimo si kukaza. Ukikaza, mgongo utanyamaza kwa siku chache, lakini pikipiki itakataa kunyooka, na katika mwendo wa polepole itamwangusha mtu. Koni zenye vishimo hubadilishwa zote pamoja, vikombe na gololi, juu na chini, zikapakwa grisi nzuri.

Tano, na mwisho kabisa, shokabzoba. Apanguse miguu yake kwa kitambaa, kisha pikipiki ishushwe chini, ashike breki ya mbele na kukandamiza usukani mara tano. Kitambaa kikipita tena na kutoka na oili, sili zimekatika. Mbele ikishuka na kugonga chini, oili imepungua. Ikigonga ndani huku kidole cha msaidizi hakihisi chochote shingoni, basi hapo ndipo unapoweza kuanza kuzungumza juu ya shokabzoba. Na hata hapo, mara nyingi sili na oili zinatosha.

Umeona, msomaji, kile kilichotajwa kwanza kwenye simu kimekuwa cha mwisho kwenye orodha.

Kelele nazo husema

Mvumo unaoongezeka na mwendo na usiobadilika ukishika breki ni wa beringi, au ni wa kashata za tairi jipya. Mlio mwembamba, "chwi, chwi," unaorudi kila mzunguko ni wa breki inayogusa dramu, au wa gia ndogo ya spidomita iliyokauka grisi. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kuugusa mkono wa breki kidogo sana; mlio ukibadilika, ni wa breki. Mtetemo wa bati ukiwa mahali pamoja huwa ni madigadi au taa iliyopoteza bolti. Anza na bolti hizo, kwani hazigharimu kitu.

Chumvi na mchanga

Mchanga husaga na chumvi hula. Vikikutana ndani ya grisi, hugeuka kuwa kitu kama msasa. Chumvi pia huchimba vidoa kwenye chuma kinachong'aa cha shokabzoba, na kila mara mguu unaposhuka, vidoa hivyo hukata sili. Kwa hiyo sili mpya juu ya chuma chenye kutu haitadumu. Chuma hicho kitazamwe kwanza.

Pikipiki iliyovuka bahari au kupita ufukweni ipanguswe siku hiyo hiyo kwa maji baridi. Najua maji matamu ni mali kisiwani. Mji wa Lamu hutegemea visima vinavyojazwa na mvua iliyohifadhiwa chini ya machuguu ya mchanga wa Shela. Lakini ndoo moja na kitambaa vinatosha. Usitumie mashine ya kupuliza maji kwa nguvu kwenye ekseli na shingo, maana itasukuma chumvi ndani kule ambako haikuwa imefika. Kitabu cha pikipiki hutaja muda wa kupaka grisi koni na beringi. Kwa chombo cha pwani, fupisha muda huo. Grisi ni rahisi kuliko beringi, na beringi ni rahisi kuliko mfupa wa mguu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mtikisiko ukimkuta njiani

Mwambie kijana wako hili leo, usingoje siku ya ajali. Usukani ukianza kutikisika kwa nguvu, asiufinye kwa mikono migumu wala asibane breki ya mbele. Aulegeze mwendo taratibu, ainamishe kifua mbele ili uzito uende kwenye gurudumu, aushike usukani kwa uthabiti bila kupigana nao, na kuacha pikipiki ijipunguzie mwendo yenyewe. Ikisimama, abiria ashuke. Kama gurudumu linacheza kwenye ekseli, rimu ina ufa, au shingo inagonga waziwazi, safari imekwisha hapo. Nauli ya siku moja isimfanye akamilishe njia.

Nawe abiria una haki. Ukiuona usukani ukicheza mikononi mwa dereva kwenye njia ngumu, mwambie kwa adabu, "Kaka, nishushe hapa." Hujamtukana. Huenda umemwokoa.

Basi simu ikilia tena na ukaambiwa shokabzoba zimekufa, usikatae wala usitume pesa. Uliza: inatikisika lini, ilianza baada ya nini, na ilikuwa na mzigo gani? Kisha piga picha ukurasa huu umtumie, na umwombe aufuate hatua kwa hatua mbele ya fundi wake. Fundi mwema hatachukia kuulizwa. Atafurahi kupata mwenye pikipiki anayejua chombo chake kinaumwa wapi.

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, tutahamia nyuma ya pikipiki: mnyororo na meno yake. Hadi wakati huo, nakutakia safari njema.